Unataka paka na wazazi hawataki? Mwongozo kamili wa kuwashawishi

Mama akisema "paka simtaki kwenye nyumba yangu", sikiliza vizuri anakataa nini. Paka mwenyewe hana kosa. Anachokiona mama ni mavi nyuma ya kochi, sufuria ya mchuzi iliyofunuliwa usiku, manyoya kwenye sketi ya kazini. Anakuona na wewe pia, umemchoka paka baada ya mwezi mmoja na kazi yote imemwangukia yeye au dada. Sasa ukienda kumwambia kwamba paka ana macho mazuri, unajibu swali ambalo hajauliza. Mwondolee kwanza mzigo anaouogopa, ombi lije baadaye. Hatua zote zilizo hapa chini zinafanya kazi hiyo.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi watoto wa darasa la tano mpaka kidato cha pili wanaoishi Arusha, kuanzia Sakina mpaka Njiro. Wa Moshi nao wanaweza kuutumia, wabadilishe tu jina la soko. Na mzazi ukiukuta huu kwenye simu ya mtoto, usimwambie kwamba umeshausoma.

Hatua ya 1: Jua nani hasa wa kumshawishi

Nyumba nyingi baba ndiye anayetamka "haya, leteni", lakini hatakuwepo saa nne asubuhi paka akitapika kwenye mkeka. Atakuwepo mama, au bibi, au dada wa kazi. Anayeshika ufagio ndiye mwenye kura kubwa, hata kama hakuna aliyewahi kumuuliza. Anza na huyo. Muulize dada, kwa heshima na bila kumzunguka: "Dada, nikileta paka na kazi zake zote nikafanya mimi, wewe ungeona tatizo gani?" Atakutajia mambo ambayo mama hatayataja, kwa mfano kwamba jikoni hakuna kabati linalofungika, au kwamba mlango wa nyuma hukaa wazi mchana kutwa.

Kama mnapanga, kuna mtu mwingine: mwenye nyumba. Na kama mko vyumba vya uani mmoja na wapangaji wenzenu, kuna mama fulani mwenye vifaranga. Usilichukulie hili kirahisi. Paka mkubwa anakamata kifaranga bila kufikiri mara mbili, na ugomvi wa vifaranga ukishaanza uani haumaliziki kwa pole. Mpitie mama huyo mapema, umuulize kama vifaranga vyake hukaa kwenye banda la wavu au vinazurura. Ikiwa vinazurura na havifungiwi, mpango wako unahitaji paka wa kukaa ndani, au unahitaji kusubiri vikue.

Hatua ya 2: Andika hofu zao, kisha zitafutie majibu ya kweli

Chukua daftari. Kwa wiki moja usiombe chochote, sikiliza tu. Andika kila sababu utakayosikia, kwa maneno yao wenyewe, kisha tafuta jibu la kila moja. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, na mimi pia nitakaa hapa kwa muda.

"Atanya ndani." Paka huwa anafukia kinyesi chake, ana tabia hiyo kwa kuzaliwa, ila lazima apewe mahali pa kufukia. Beseni pana la plastiki lililopasuka ukingo linatosha. Weka maranda kutoka kwa seremala wa mtaani, au mchanga mkavu, kina cha vidole vitatu hivi. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa usichukue, muulize fundi. Beseni likae kona tulivu, mbali na chakula chake, kwa sababu paka hapendi kujisaidia karibu na sahani. Kila siku unatoa kinyesi kwa kijiko cha zamani, unafunga kwenye mfuko, unatupa. Kila baada ya siku chache unabadilisha maranda yote na kuosha beseni. Andika saa utakayofanya hivyo. "Kila siku" haimshawishi mtu. "Saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaenda shule" inamshawishi.

"Ataleta magonjwa." Hofu hii ina ukweli ndani yake, kwa hiyo usiikatae. Paka anaweza kuwa na minyoo na viroboto, anaweza kukuambukiza mapunye, na anaweza kupata kichaa cha mbwa kama mbwa mwenyewe. Majibu yapo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo huanza akiwa bado mdogo. Nenda kwa afisa mifugo wa kata yenu uulize chanjo ya paka inapatikana wapi na lini. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo uliza pia kama kata itakuwa na zoezi la chanjo wakati huo. Kama una ndugu anayesoma chuo cha mifugo pale Tengeru, huyo ni mtaji, mlete nyumbani siku moja aongee na mama. Jifunze na hili ulitaje mwenyewe: mtu aking'atwa au kukwaruzwa hadi damu na paka asiyejulikana, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Mama akiwa mjamzito, simama hapo kwanza. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplasma, ambacho kina hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mjamzito hapaswi kugusa lile beseni. Kimelea hicho huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana usafi wa kila siku una maana kubwa kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza. Kinapatikana pia kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, kwa hiyo nyama choma ya nusu mbichi ina kesi ya kujibu kama paka. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba ombi lisubiri mtoto azaliwe. Mama mwenye ujauzito ana mambo ya kutosha.

Kama kuna mwenye pumu au mafua yasiyoisha, msimalize ubishi kwa maneno. Mzio wa paka unasababishwa na protini iliyo kwenye mate na ngozi yake, ambayo huenea na manyoya akijilamba, kwa hiyo kuchagua paka mwenye manyoya mafupi hakusaidii sana. Mwombe mwenye pumu mwende pamoja kukaa saa moja au mbili kwenye nyumba yenye paka, zaidi ya mara moja. Macho yakimwasha na kifua kikibana, jibu mmelipata, na itabidi ulikubali.

"Atazaa, tutajaa paka." Ni kweli kabisa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na kwa mwaka anaweza kuzaa zaidi ya mara moja. Omba dume, na useme tangu mwanzo kwamba atahasiwa. Dume aliyehasiwa mapema hapigani sana, hazururi sana, na ile tabia ya kurusha mkojo wenye harufu kali ukutani hupungua sana. Jike naye hufungwa kizazi, ila ni upasuaji mkubwa zaidi na gharama huwa juu. Uliza bei zote mbili kwa daktari kabla ya kufungua mdomo nyumbani.

"Atakula nini?" Mama anawaza kopo la chakula cha paka la supamaketi, na bei yake anaijua. Hilo si lazima. Lakini ugali na mchuzi wa jana navyo havitoshi. Paka ni mla nyama hasa. Mwili wake hautengenezi vya kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho hukipata kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa wa Mwanza wanafaa. Waoshe mara tatu au nne, kila mara ukiwapangusa kwa vidole mpaka mchanga usibaki chini ya bakuli, kisha uwachemshe kwa maji matupu bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, hata kikiwa kwenye mchuzi. Wapoze, wasage kidogo kwa mkono, changanya na ugali kidogo tu, samaki awe mwingi kuliko ugali. Siku nyingine pafu kutoka buchani, au utumbo na firigisi za kuku, vyote vimechemshwa. Maini mara moja moja, yakizidi yanamdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vichongo. Na maziwa, pamoja na picha zote tulizokua nazo za paka na kibakuli cha maziwa, yanawaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yanamtosha.

Kuna mtu atakuambia paka atamaliza panya waliotoboa gunia la mahindi. Ni hoja nzuri, itumie, lakini usiahidi. Paka wengine ni wawindaji hodari, wengine wanamtazama panya akipita. Unachoweza kusema bila kudanganya ni kwamba harufu ya paka huwatia panya wasiwasi. Pamoja na hayo kuna sharti: sumu ya panya itoke nyumbani kwanza, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye.

"Paka ni mambo ya kishirikina." Hii mara nyingi hutoka kwa bibi na mara nyingi inamhusu paka mweusi. Usibishane na bibi kuhusu uchawi, hujawahi kushinda na hutaanza leo. Tafuta paka wa rangi nyingine. Kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, hoja ipo tayari: kuna hadithi inayojulikana ya Abu Qatada iliyoeleza kwamba paka si najisi, na maji aliyokunywa hayaharibiki kwa udhu. Mwombe ustadhi wa madrasa amweleze baba, itasikika zaidi kuliko wewe.

"Tukienda nyumbani Desemba je?" Arusha swali hili halikwepeki. Nusu ya mtaa unapanda Rombo, Machame au Marangu kwa Krismasi, nyumba zinabaki na kufuli. Paka anashikamana na mahali pake, hivyo anateseka kidogo akibaki na jirani anayekuja kumlisha asubuhi na jioni kuliko akibanwa kwenye tenga saa mbili ndani ya basi. Tafuta jirani asiyesafiri, muombe mapema, na jina lake liandike kwenye daftari. Mpelekee ndizi ukirudi.

Na bweni? Kama Januari unaingia shule ya bweni, mimi ningekushauri usiombe paka sasa. Anaweza kuishi miaka 15, na wewe utamuona wiki chache kwa mwaka. Labda uwe na mdogo wako anayemtaka kweli, na ombi hilo muombe wote wawili.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya shilingi

Nenda Soko la Kilombero siku ambayo mama anakutuma, uulize bei ya kisado cha dagaa. Pita buchani uulize pafu. Uliza chanjo, dawa ya minyoo na kuhasi. Andika ukurasa mmoja wenye sehemu mbili: gharama za mara moja na gharama za kila mwezi. Chini yake andika wewe utachangia nini, kutoka kwenye hela ya matumizi, zawadi ya Idi au Krismasi, au mayai ya kuku wako kama unaye. Hata ikiwa ni kidogo, mzazi akiona mtoto kaandika bei halisi za sokoni kwa mwandiko wake, anakaa vizuri kwenye kiti.

Usipunguze bei ili ionekane nafuu. Mama anaijua bei ya dagaa kuliko wewe.

Hatua ya 4: Fanya kwanza, omba baadaye

Chagua kazi moja ya nyumbani ambayo haiendani na starehe yoyote, uifanye mwezi mzima kwa saa ile ile bila kukumbushwa: kumwaga takataka, kuosha vyombo vya usiku, kulisha kuku. Usitangaze. Mama ataona, na kama hataona dada atamwambia. Kama jirani ana paka na anasafiri, jitolee kumlisha na kusafisha beseni lake. Huo ni ushahidi ambao hakuna hotuba inayoufikia, na wewe pia utajipima. Wapo wanaogundua siku ya tatu kwamba walichokipenda ni picha za paka.

Hatua ya 5: Chagua siku

Januari hapana, ada ya shule inaumiza kila nyumba. Katikati ya mwezi hapana. Kama baba ni dereva wa watalii, usimvamie usiku anaotoka Serengeti na vumbi la siku saba mwilini. Mwache alale, ale, acheke na wenzake, subiri kesho yake jioni. Wiki ya ripoti nzuri inafaa. Mbele ya wageni kamwe, kwa sababu mzazi aliyebanwa mbele ya watu akisema hapana hairudishi tena.

Hatua ya 6: Mazungumzo yenyewe

Hivi ndivyo yanavyoweza kwenda:

"Mama, ukimaliza naomba tuongee kidogo."

"Kuna nini? Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Ni kuhusu paka."

"Paka nilishasema sitaki."

"Ndiyo mama, ulisema atanya ndani, na kwamba nitakuachia kazi. Nimeandika hapa nitafanya nini, na bei zote. Naomba usome tu, usinijibu leo."

"Na hili pafu, hela ya nani?"

"Nusu yangu. Iko ukurasa wa pili."

"Na akiugua?"

"Nimeongea na afisa mifugo, namba yake nimeandika. Tukikubaliana, tunaanza kuweka akiba ya chanjo kabla hajaja."

Angalia mtoto huyu amefanya nini. Amerudia maneno ya mama bila kuyapinga, akampa karatasi, akamwondolea presha ya kujibu papo hapo. Hajalia, hajataja rafiki yake mwenye paka. "Mbona kina fulani wanaye" ni sentensi inayoua ombi zuri kwa sekunde tatu.

Daftari liache mezani. Usiulize tena kwa siku kadhaa.

Hatua ya 7: Wakikataa, au wakisema "tutaona"

"Tutaona" haijawa hapana. Omba iwe na tarehe: "Baba, naweza kuuliza tena shule ikifungwa Juni?" Wakikataa moja kwa moja, uliza sababu moja iliyobaki, ukaifanyie kazi. Ikiwa sababu haiondoki, kama mzio au mwenye nyumba, pendekeza kitu kidogo: sungura kwenye banda, au ruhusa ya kumlisha paka wa jirani kila jioni.

Usimlete paka kwa siri. Najua watu watakuambia "mlete tu, wakimuona watampenda". Wakati mwingine inatokea. Mara nyingi paka anaishia kwenye boksi karibu na soko, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayomtaka anayefuga mnyama amtunze.

Hatua ya 8: Wakikubali

Usichukue mtoto wa paka aliye chini ya wiki nane, hata kama mwenye paka anataka kuwagawa haraka. Muda huo ananyonya na kujifunza kwa mama yake, pamoja na kutumia mchanga. Chagua mwenye macho makavu, masikio yasiyo na uchafu mweusi na mkia usio na kinyesi kilichoganda. Anayekuja mwenyewe kunusa mkono wako ni bora kuliko anayejificha.

Siku za kwanza mweke chumba kimoja, na beseni lake, maji, na boksi lenye kitambaa. Usiku atalia. Hapo ndipo mama atajuta, kwa hiyo lala naye chumba kimoja na umnyamazishe wewe. Mlishe mara tatu au nne kwa siku mpaka afikishe miezi sita, baadaye mara mbili. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikishika, atajisogeza kwenye jiko la mkaa mpaka masharubu yaungue. Boksi lake lihamie mahali penye joto mbali na moto.

Dawa mbili za kuziandika kwa herufi kubwa na kubandika jikoni. Panadol, au dawa yoyote yenye parasetamoli, inaua paka, hata nusu kidonge. Na dawa za kuogeshea ng'ombe au kuua viroboto wa mbwa usimpake paka, nyingi zina kemikali ambazo mwili wake hauwezi kuzihimili. Uliza dukani dawa ya paka, taja umri na uzito wake.

Akipata chanjo atapewa kadi. Iweke pale mama anapoweka kadi zenu za kliniki, na tarehe ya chanjo inayofuata iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa mwandiko wako.